Kufuatilia elektroni ikihama kwenye kompleksi za metali kwa eksirei za kasi: mwongozo wa kuanzia hapa hapa Mbeya na Iringa

Wakuu habari za kazi. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi au mwalimu wa kemia na fizikia aliyeko huku nyanda za juu kusini, awe yuko MUST pale Iyunga, awe Mkwawa Iringa, au anafundisha form six Njombe huku anajipanga kurudi kusoma masters, na amesikia kuna watu wanafuatilia elektroni ikitoka atomu moja kwenda nyingine akajiambia hiyo sio ya kwetu. Mashine zenyewe, yaani leza za eksirei, kweli haziko huku. Ila hata bingwa mwenyewe hiyo mashine anapewa siku chache tu, basi, na kazi nyingine yote, kuchagua swali, kutengeneza molekuli, kupiga hesabu za sampuli, kuchambua data, inafanyika kabla na baada, na sehemu kubwa ya hiyo kazi inataka benchi la maabara, spektrofotomita na laptopu. Ninachosisitiza toka mwanzo ni hiki: usianze na mashine, anza na swali ambalo eksirei peke yake ndo inaweza kulijibu, mengine yote yatajipanga nyuma ya hilo swali.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini

Kompleksi ya metali ni atomu ya metali katikati, imeshikwa na ligandi pembeni, yaani molekuli au ayoni zinazoizunguka. Ukiimulika kwa mwanga wa rangi inayofaa, elektroni inatoka kwenye metali inaenda kukaa kwenye ligandi. Chaji imetengana hapo, na chaji ikitengana ndo unaweza kuanza kuongelea umeme wa sola au mwanga kuendesha kemia. Shida elektroni haikai, inarudi. Kwenye kompleksi ya ruthenia, [Ru(bpy)3]2+ (bpy ni ligandi iitwayo bipiridini), ile hali inadumu nanosekunde mia kadhaa kwenye maji (nanosekunde ni sekunde ukiigawa mara bilioni), muda unaotosha kabisa kuidaka elektroni ukaitumia. Weka chuma badala ya ruthenia, ligandi zile zile tatu, umbo lile lile, hali hiyo inaporomoka chini ya femtosekunde 200 (femtosekunde milioni moja ndo nanosekunde moja). Ruthenia ni adimu na ghali, chuma kimejaa duniani, sisi wenyewe tuna Liganga kule Ludewa. Kwaiyo kujua kwa nini chuma kinairudisha elektroni haraka hivyo, na kifanyweje kisiirudishe, ni swali lenye pesa ndani yake na lenye fizikia nzito pia.

Na sio swali lililokwama. Watafiti wa Lund kule Uswidi walibadilisha ligandi wakaweka za aina ya kabeni, ambazo zinaishika metali kwa atomu ya kaboni, mwaka 2013 wakafikisha pikosekunde 9 kwenye chuma (pikosekunde 1 ni femtosekunde 1,000), na 2019 wakafikisha kama nanosekunde 2 kwa chuma(III), ambako elektroni inaelekea upande wa pili, kutoka ligandi kwenda kwenye metali. Toka femtosekunde mia na kitu mpaka nanosekunde 2 ni zaidi ya mara elfu kumi, kwa kubadilisha ligandi, na hiyo ya mwisho chaji ya chuma pia.

Hatua ya 1: shika ukubwa wa muda mpaka uuzoee

Femtosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara 1,000,000,000,000,000. Mwanga wenyewe, ambao kwa sekunde moja unaenda kilomita 300,000, ndani ya femtosekunde 1 unasogea mikromita 0.3 tu. Atomu kwenye molekuli zinatikisika kwa vipindi vya makumi hadi mamia ya femtosekunde, ndo maana kazi yote iko hapo. Aliyetufungulia huu mlango ni Mmisri, Ahmed Zewail, Nobel ya kemia 1999, kwa kutumia leza za mwanga wa kawaida kufuatilia bondi zinavyokatika. Na kwa upande wa elektroni kuhama kuna Henry Taube, Nobel 1983, na Rudolph Marcus, Nobel 1992. Kabla hujaendelea soma nadharia ya Marcus kwenye kitabu chochote cha kemia fizikia, isome taratibu, kwa sababu inasema kitu ambacho ndo msingi wa majaribio yote haya: elektroni haihami yenyewe tu, bondi zake na kimiminika kinachoizunguka navyo lazima vijipange upya. Sasa kipi kinatangulia? Elektroni inahama ndo bondi zinarefuka, au vyote vinaenda pamoja? Jibu linabadilika kutoka molekuli moja hadi nyingine.

Jaribio lenyewe linaenda hivi: pigo la leza linaisisimua molekuli, alafu baada ya muda uliouchagua wewe pigo la eksirei linakuja kuuliza hali ikoje. Hakuna kamera inayorekodi molekuli moja mwanzo mpaka mwisho. Ni kama mtu anayetaka kujua mahindi yanavyokua kwa siku moja tu: anapita kwenye mashamba yaliyopandwa wiki tofauti, hili limechipua, lile limetoa mbelewele, lile limekauka, anayapanga kwa mfuatano anapata habari nzima. Hapa kila "shamba" ni sampuli mpya iliyopigwa leza, na tofauti ya muda kati ya leza na eksirei ndo wiki zenyewe.

Hatua ya 2: chagua molekuli ambayo eksirei inaweza kuitofautisha

Mwanga wa kawaida, hata uwe wa kasi kiasi gani, unakwambia rangi imebadilika, yaani kuna kitu kimehama, lakini mara nyingi rangi ya hali moja inalala juu ya rangi ya hali nyingine na unabaki kubishana. Eksirei inaenda kwenye elektroni za ndani kabisa za atomu, na kila elementi ina namba yake. Chuma kinaanza kunyonya kwenye 7,112 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), kobalti 7,709 eV, shaba 8,979 eV, ruthenia 22,117 eV. Hazigongani. Atomu ikipoteza elektroni ile kingo ya kunyonya inasogea juu, kwa kawaida eV moja mpaka tatu hivi, ikipata elektroni inashuka. Kwaiyo ukiwa na molekuli yenye metali mbili unaweza kuuliza moja moja: we umepoteza? we umepokea? lini?

Mfano mzuri wa kuusoma ni kazi ya mwaka 2015 iliyofanyika kwenye leza ya eksirei ya SACLA, Japani. Molekuli ilikuwa na ruthenia upande mmoja na kobalti upande wa pili, katikati kuna daraja. Leza inasisimua upande wa ruthenia, elektroni inavuka daraja inafika kwa kobalti ndani ya kama nusu pikosekunde, alafu kobalti inachukua kama pikosekunde 2 kubadilisha spini (yaani idadi ya elektroni zake zisizo na mwenza) na kurefusha bondi zake kwa angstrom 0.2 (angstrom ni mita ukiigawa mara bilioni kumi). Unaona mfuatano, chaji kwanza, umbo baadaye. Mwanga wa kawaida usingekupa huo mpangilio kwa uhakika kwa sababu kobalti kwenye hiyo molekuli karibu haionekani kwa rangi. Hilo ndo swali la aina ninayoisema.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usikimbilie molekuli ya ajabu. Anza na [Fe(bpy)3]2+, ndo molekuli ya mazoezi ya fani nzima, vituo vingi wanaitumia kupimia kama mitambo imekaa sawa, na unaweza kuitengeneza mwenyewe wiki hii.

Hatua ya 3: itengeneze kwenye benchi

Unahitaji ferasi amoniamu salfeti, ile ile chumvi ya taitresheni na potashiamu pamanganeti ya A-level, na 2,2'-bipiridini. Pima miligramu 39.2 za ile chumvi, hiyo ni milimoli 0.1. Pima bipiridini kama miligramu 50, maana milimoli 0.3 ni miligramu 46.9 na kaziada kadogo kanasaidia ligandi zote tatu zikae. Bipiridini kwenye maji inayeyuka kwa shida, iyeyushe kwanza kwenye ethanoli kidogo, mililita chache zinatosha. Chumvi iyeyushe kwenye maji ya distili, maji ya bomba achana nayo. Changanya. Rangi nyekundu iliyokolea inatokea pale pale, kutoka kwenye kijani hafifu ambacho hata hakionekani, na hiyo nyekundu ndo elektroni za chuma zinavyonyonya mwanga zikielekea kwenye ligandi, unaiona kwa macho. Jaza mpaka mililita 100 kwenye chupa ya volumetriki, hapo una milimola 1.

Sasa chukua mililita 10 ya hiyo, jaza tena mpaka 100, una milimola 0.1. Weka kwenye kyuveti ya sentimita 1, piga spektra toka nanomita 350 mpaka 700. Kilele kiko 522, na unyonyaji usome karibu 0.87, kwa sababu kizidisho chake cha unyonyaji kiko kama 8,650 kwa mola kwa sentimita. Ukipata 0.6 jua kuna kitu, labda chumvi ni ya zamani na chuma chake kimeshageuka kuwa chuma(III), angalia ile chumvi kama imepoteza kijani chake imekuwa ya njano njano. Maabara nyingi hazina bipiridini ila zina fenantrolini kwa ajili ya kupima chuma kwenye maji, itumie hiyo, kilele kitakuwa 510 na unyonyaji kama 1.1 kwa mkolezo huo huo, kanuni ni ile ile. Vaa glovu, hizi ligandi zote mbili ni sumu.

Alafu fanya kipimo ambacho watu wanakiruka: iache sampuli dirishani juani siku nzima, nyingine iweke kabatini gizani, kesho yake piga spektra zote mbili. Kama ya juani imepungua, molekuli yako haivumilii mwanga na kwenye leza itakufa mapema. [Fe(bpy)3]2+ inavumilia vizuri. Molekuli yako mpya lazima uijue hilo mapema, sio ukaligundue kwenye mashine kule Hamburg, Ujerumani, saa nane usiku.

Hatua ya 4: piga hesabu ya sampuli kwenye mkondo

Kwenye mashine sampuli haikai kwenye kyuveti, inatoka kama mkondo mwembamba wa kimiminika unaopita hewani au kwenye heliamu, ili kila pigo likute molekuli mpya. Hapa ndo pa kukaa na kalamu.

Chukua mkondo wa unene wa mikromita 50 na mkolezo wa milimola 10. Unyonyaji kwenye 522 ni 8,650 × 0.01 × 0.005, unapata 0.43, maana yake leza inanyonywa kama asilimia 63 na inayobaki inatokea upande wa pili. Hiyo ni nzuri. Sasa fikiria mtu aliyesema mi nataka ishara kubwa naweka milimola 20 na mkondo wa mikromita 100: unyonyaji unakuwa 1.73, karibu asilimia 98 ya leza inaishia njiani, molekuli za mbele zimepigwa mpaka kupitiliza na za nyuma hazijaguswa, huku eksirei inapita kote inakuletea wastani wa vurugu.

Endelea. Doa la leza lenye kipenyo cha mikromita 150 juu ya huo mkondo wa 50 linabeba ujazo wenye molekuli kama 5.3 × 10^12. Fotoni moja ya nanomita 530 ina nishati ya 3.75 × 10^-19 J. Ili kila molekuli inyonye fotoni moja unahitaji mikrojuli 2 zilizonyonywa. Tunataka kusisimua asilimia 30 hivi tu, na tunajua asilimia 63 ndo inanyonywa, kwaiyo 0.3 × 2 ÷ 0.63, karibu mikrojuli 1 kwa pigo. Mtu akikuambia tupige mikrojuli 10 ili ishara ionekane, kataa, molekuli moja itanyonya fotoni mbili au tatu, maji yenyewe yataanza kutoa elektroni, na utakachopima sio tena kemia uliyoiuliza. Dawa yake ni kupima ishara kwa nguvu tofauti za leza, mikrojuli 0.3, 0.5, 1, 2, na kuangalia kama inapanda kwa mstari ulionyooka. Ikianza kupinda rudi chini. Pendekezo lako la kuomba muda wa mashine likiwa na hili limeandikwa, msomaji anajua unajua unachofanya.

Kuna na kiasi cha sampuli. Mkondo wa mduara wa mikromita 100 ukienda mita 10 kwa sekunde unakula karibu mililita 5 kwa dakika, kwa zamu ya masaa 12 ni zaidi ya lita 3. Kwaiyo sampuli inazungushwa, inarudi kwenye chupa inapita tena, na ndo maana ule uvumilivu wa mwanga ni muhimu.

Hatua ya 5: chagua rula, na uchague mbili

Eksirei zinakupa rula kama tatu hivi. Ya kwanza ni kunyonya, ile kingo niliyoisema: inakwambia chaji ya atomu na umbali wa majirani. Ya pili ni kutoa: atomu iliyopigwa inarudisha eksirei zake yenyewe, na kwa chuma kuna mstari wa Kα karibu 6,404 eV na wa Kβ karibu 7,058 eV. Ya tatu ni kutawanyika, eksirei zinagonga elektroni zote za molekuli na za kimiminika, unapata urefu wa bondi na pia unaona maji yanavyopata joto.

Kβ ndo napenda nikae nayo kidogo. Umbo lake linategemea spini, yaani elektroni ngapi za ganda la 3d hazina mwenza, kwa sababu shimo linalobaki kwenye 3p linahisi hizo spini. Faida yake ni kwamba halijali sana urefu wa bondi. Kwenye [Fe(bpy)3]2+ swali lilikuwa hivi: elektroni inaenda kwenye ligandi, alafu chuma kinaishia kwenye hali ya spini kubwa yenye elektroni nne zisizo na wenza, bondi zake zimerefuka angstrom 0.2, na hali hiyo inadumu kama pikosekunde 650. Lakini njiani inapita wapi? Inaruka moja kwa moja, au inasimama kwenye hali ya katikati yenye elektroni mbili zisizo na wenza? Mwaka 2014 timu iliyofanya kazi kwenye LCLS, leza ya eksirei ya California, ilitumia Kβ. Walichokifanya cha maana ni kwamba kwanza walipima kompleksi za chuma za kawaida ambazo spini zake zinajulikana, kila spini wakapata umbo lake, alafu ndo wakaja kulinganisha na kile walichokiona baada ya leza. Wakasema: ndio, kuna kituo cha katikati, kinakaliwa makumi machache ya femtosekunde tu. Mwaka uliofuata watafiti wa Lausanne, Uswisi, kwa leza za mwanga wakasema wao wanaona molekuli inafika mwisho chini ya femtosekunde 50. Yaani molekuli hii ya chuma na bipiridini, uliyoitengeneza kwa miligramu 39 za chumvi, bado watu wazima wanabishana njia yake. Mi hilo linanipa moyo sana.

Kwaiyo chagua rula mbili kwa pamoja, moja ya chaji au spini na moja ya umbo. Vituo vingi wanaweza kukupimia Kβ na kutawanyika kwa pigo lile lile, detekta moja huku nyingine kule. Ukiwa na rula moja tu kila mtu atakuja na tafsiri yake.

Na spektra za mfano, zile za spini zinazojulikana, hazihitaji femtosekunde. Zinaweza kupimwa kwenye sinkrotroni ya kawaida, mashine ya duara ambayo elektroni zinazozunguka kwa kasi zinatoa eksirei. Afrika hatuna hata moja mpaka sasa, lakini SESAME ipo Allan, Jordani, ilizinduliwa 2017, na mashine yake ya kunyonya eksirei ilikuwa kati ya za mwanzo kabisa kufanya kazi pale.

Hatua ya 6: muda sifuri

Fupi ila usiiruke. Muda sifuri ni pale leza na eksirei zinapofika kwenye sampuli kwa pamoja. Muda unaubadilisha kwa kioo kinachosogea kwenye reli: kikisogea mikromita 1 mwanga unaenda na kurudi, umebadilisha femtosekunde 6.67. Leza na eksirei zinatoka mashine mbili tofauti kwaiyo zinapishana kila pigo, makumi hadi mamia ya femtosekunde. Vituo vingi vina kifaa kinachopima huo mpishano pigo kwa pigo: eksirei inabadilisha uangavu wa kipande chembamba cha kristali, na mwanga wa leza uliotandazwa rangi zake kwa muda unaonesha ni rangi gani ilikuwa inapita eksirei ilipofika. Baadaye unapanga data upya kwa muda halisi, unafika makumi machache ya femtosekunde. Na kumbuka ndani ya maji leza inaenda taratibu kuliko eksirei, kwenye mikromita 100 zinaachana zaidi ya femtosekunde 100, sababu nyingine ya kupenda mkondo mwembamba.

Hatua ya 7: fanya mazoezi ya data kabla huna data

Sakinisha Python na NumPy, SciPy na lmfit, zote bure, na Larch kwa ajili ya spektra za kunyonya, nayo bure. Laptopu ya RAM GB 8 inatosha kwa mazoezi. Pakua kila kitu siku ukiwa na intaneti ya chuo, usitegemee bando, na weka programu ihifadhi kazi kila dakika kadhaa kwa sababu umeme huku mnaujua.

Tengeneza data ya uongo mwenyewe. Ishara inayopanda ghafla kisha kushuka kwa muda τ, ikiwa imepakwa na upana wa mashine σ, inaandikwa hivi:

S(t) = 0.5·A·exp(σ²/2τ² − t/τ)·[1 + erf((t − σ²/τ)/(σ√2))]

Hapo A ni ukubwa wa ishara, t ni muda, na erf ni fankisheni iliyomo tayari kwenye SciPy. Weka σ = 60 fs, τ = 150 fs (fs ni femtosekunde), ongeza kelele za nasibu, alafu jifanye hujui τ uitafute. Itatoka vizuri. Sasa acha na muda sifuri pia utafutwe, uone kinachotokea: τ na muda sifuri zinaanza kuvutana, ukisogeza sifuri femtosekunde 30 τ inabadilika na grafu bado inapendeza machoni. Hapo utaelewa kwa nini ubishi wa femtosekunde 50 au 150 unatokea hata kwa watu makini, na kwa nini lazima muda sifuri uupime kwa njia nyingine inayojitegemea. Wiki mbili za huu mchezo zina faida kuliko kusoma makala ishirini bila kugusa kompyuta.

Alafu hesabu muda wa mashine. Tuseme mabadiliko unayotafuta ni asilimia 1 ya ishara, na unataka yawe mara 5 juu ya kelele. Unahitaji kosa la 0.002 kwenye tofauti ya leza ikiwaka na leza ikizimwa, hivyo fotoni kama 500,000 kwa kila upande. Detekta yako ikipata fotoni 10 kwa pigo, ni mapigo 50,000 leza ikiwaka na 50,000 ikizimwa, jumla 100,000. LCLS ya mwanzo ilikuwa inapiga mara 120 kwa sekunde, kwaiyo dakika 14 kwa nukta moja ya muda. Nukta 40 ni zaidi ya masaa 9, zamu karibu nzima kwa grafu moja. European XFEL, leza ya eksirei ya Hamburg iliyofunguliwa 2017, inatoa mpaka mapigo 27,000 kwa sekunde lakini yanakuja kwa mafungu, ndani ya fungu yanakaribiana sana, na mkondo wako lazima uwahi kusogeza sampuli iliyotumika kabla pigo lijalo halijafika. Mapigo yakiachana mikrosekunde 1.77 na doa ni mikromita 100, mkondo unatakiwa uende mita 56 kwa sekunde. Ndo maana mara nyingi wanapunguza idadi ya mapigo au doa.

Hatua ya 8: tafuta watu, andika ombi

Vituo hivi vinatoa muda bure kwa anayekubali kuchapisha matokeo yake, gharama inabaki safari na sampuli. Usiombe peke yako. Tafuta kundi ambalo limeshafanya kazi kwenye hicho kituo, waandikie barua pepe fupi, ukiwa na spektra yako, hesabu zako za mkondo na grafu yako ya mazoezi. Barua yenye "naomba nafasi" haina uzito, barua yenye "molekuli hii inanyonya hapa, inavumilia mwanga hivi, nahitaji dakika hizi kwa nukta" inajibiwa. Upo pia mpango wa LAAAMP, ulioanzishwa na miungano ya kimataifa ya fizikia na kristalografia, ambao umekuwa ukisaidia timu za mwalimu na mwanafunzi wake kwenda kujifunza kwenye vituo vya mwanga. Mwalimu wako akiwa mzito kwenye hili msukume kwa heshima, mpelekee fomu ikiwa imeshajazwa nusu.

Kwenye ombi, aya ya kwanza iseme swali, na sentensi inayofuata iseme kwa nini mwanga wa kawaida umeshindwa kulijibu. Kama huwezi kuandika hiyo sentensi ya pili, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 9: ukiwa kwenye mashine

Zamu ni masaa 12, usiku na mchana. Mpangilio ninaoushauri: spektra ya molekuli bila leza, alafu kimiminika kitupu na leza, alafu [Fe(bpy)3]2+ kupata muda sifuri na kuhakikisha ishara inatoka pale inapojulikana, alafu ndo molekuli yako. Watu wakiwa na haraka wanaanza na molekuli yao, ishara isipotoka hawajui kama ni molekuli, leza, mkondo au detekta, na usiku umeisha. Mtu mmoja kazi yake iwe daftari tu, kila ranni (kipimo kimoja toka kuanza mpaka kusimama) iandikwe namba, mkolezo, nguvu ya leza, nani alibadilisha nini.

Kila baada ya masaa mawili hivi chota sampuli kidogo kutoka kwenye chupa ya mzunguko, ipunguze mkolezo, piga spektra ya kawaida uilinganishe na ile uliyotoka nayo nyumbani. Kilele kikishuka zaidi ya asilimia 5 mwaga, weka mpya, na kwenye daftari andika ranni zipi zilitumia sampuli ipi. Data usiondoke ukiitegemea intaneti, mafaili ni makubwa mno, omba iliyopunguzwa tayari, ile yenye wastani wa kila nukta ya muda, leza ikiwaka na ikizimwa zikiwa zimetenganishwa, nakili kwenye diski mbili, moja ibebe mwingine.